Nitakucheki

Mama hakuwa mtu wa kutuma meseji. Simu yake ya kitochi ilikuwa ya kupokelea tu, na hata kupokea alipokea kama aliyeitwa mbele ya mchungaji: anasimama, anavuta kanga vizuri, ndipo anabonyeza. Kwa hiyo siku ile ya mvua za Machi, namba yake ilipoingia kwenye simu yangu pale maabara, nilidhani kuna mtu kaiazima. Nikafungua. Kulikuwa na neno moja tu: Nicheki.

Nilicheka. Nakiri hilo mapema kwa sababu huko mbele nitajitetea, na ningependa msomaji ajue kwamba kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Mama yangu, mkulima wa mpunga wa Ngonga, mjane, kiongozi wa akina mama kanisani, leo anaongea kama vijana wa stendi! Nikamwonyesha mwenzangu wa maabara, naye akacheka hadi akashika meza. Benchi nje lilikuwa limejaa watu, wengine wamesimama chini ya bati wakikwepa matone. Nikavua glavu ya mkono mmoja, nikaandika: Nitakucheki mama. Nikailaza simu kifudifudi, nikarudi kwenye hadubini.

Neno hili tumelitoa kwa Waingereza, na tangu tulitoe hatujalipumzisha. Mimi nilikutana nalo sekondari. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu mrefu mwenye kikohozi, alikuwa akitwambia kila mwisho wa jaribio tucheki kazi zetu kabla ya kukusanya. Siku moja, labda alikuwa amechoka kufundisha, akatuamuru tutafute maana zote za neno hilo kwenye kamusi. Tukakuta zimejaa karibu safu nzima. Kukagua. Hundi ya benki. Kitambaa cha drafti. Na moja ambayo tuliikatalia katakata: kuzuia, kusimamisha kitu kisiendelee. Tukamwambia mwalimu kamusi imekosea, haiwezekani neno lilelile liwe la kuangalia na la kuzuia. Akakohoa, akasema Kiingereza ndivyo kilivyo, mtaelewa mkikua.

Sisi watu wa mjini hatukuingoja kamusi. Kyela ukienda kwenye kibanda cha video unacheki mpira. Ukimwona mtu kavaa vibaya unamwambia mwenzio, mcheki huyu naye. Unacheki bei, unacheki mvua kama imekatika. Ukitaka mtu akutafute unamwambia nicheki jioni. Na ukikutana njiani na mtu ambaye huna hamu naye, anayeanza kueleza shida zake wakati wewe jua linakuchoma, unamshika bega unamwambia, poa, nitakucheki. Mnaachana kwa amani, na nyote wawili mnajua hakuna atakayemtafuta mwenzake. Mimi katika neno hilo nilikuwa fundi. Nimewaaga nalo ndugu, wachumba na wanakwaya.

Kazini lilikuwa na sura nyingine. Mimi ni mtu wa maabara katika zahanati moja hapo mjini. Watu wanakuja na vikaratasi vyao kutoka kwa daktari, wanakaa kwenye benchi, na zamu ikifika wanasema, dada, naomba unicheki. Anayekuja kwa malaria husema malaria. Anayeumwa tumbo husema tumbo. Ila kuna wale wanaosema, nimekuja kucheki tu. Hilo "tu" nimelisikia miaka mingi na nalijua uzito wake. Mtu akisema hivyo, simwangalii usoni wakati naandika namba yake kwenye kichupa.

Mama alilijua neno kwa njia hiyo, na kwa njia hiyo peke yake. Mwaka uliotangulia, baada ya Krismasi, alikuja mjini kuniletea mchele na mkungu wa ndizi. Nikamwambia asubiri nimalize kazi nimsindikize. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, mwisho kabisa karibu na mlango, mikono mapajani, akitazama. Alikaa kuanzia asubuhi hadi mchana. Kila aliyeingia alimsikia akisema, dada, nicheki. Kila mara akaniona navaa glavu, nachoma kidole, natazama kwenye hadubini, naandika, na mtu anatoka na karatasi ameishika kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunakwenda stendi akasema, "Kumbe kazi yako ni kucheki watu."

"Ndiyo mama."

"Halafu wanapona?"

"Mimi nacheki tu. Wanaotibu ni wengine."

Akawaza kidogo. "Lakini wewe usipocheki, hawatibiwi."

"Hapo umesema kweli."

Alifurahi sana. Nikasikia baadaye kwamba alilipeleka neno hilo Ngonga kama zawadi, akawaeleza wenzake kanisani kwamba binti yake ndiye anayecheki watu wa Kyela nzima, na daktari hagusi mtu kabla binti yake hajamcheki. Mimi nilipoambiwa nilijisikia vizuri, nisiwe mnafiki.

Kitu ambacho sikukiona siku ile, na ambacho sasa nakiona kila nikifumba macho, ni chupa za maji. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye mashine ya kupimia sukari. Alimaliza chupa moja ya maji, akaniomba nyingine, akamaliza, akauliza choo kiko wapi, akarudi, akaomba tena. Nikampa. Nikamwambia, pole mama, Kyela joto.

Basi, baada ya ile meseji ya Machi, sikumpigia siku ile wala kesho yake. Mvua zilikuwa kali mwaka huo. Mito ilijaa, na kipande cha barabara ya kwenda kwao kilikuwa chini ya maji. Mwenzangu wa maabara akaenda likizo ya uzazi, nikabaki peke yangu na malaria ya wilaya nzima. Hizo ndizo sababu zangu na ni za kweli zote. Lakini maji yalishuka, barabara ikapitika, mwenzangu akapata wa kumshikia, na mimi bado sikwenda. Kutoka zahanati hadi kwa mama kwa bodaboda ni nusu saa.

Tuliongea kwa simu mara mbili tatu. Mara ya kwanza nilimwuliza habari za shamba. Akasema mpunga umetoa masuke na ndege wamekuja, anashinda kwenye majaruba kuamia ndege. Akasema amekanyaga mwiba wa mchikichi siku nyingi kidogo, ameutoa.

"Kinauma?" nikamwuliza. Nilimaanisha kidonda.

"Hapana. Hakiumi hata kidogo. Ndiyo maana nikakuandikia."

Hiyo sentensi ya mwisho niliisikia. Naikumbuka na sauti yake ilivyokuwa, ya mtu anayeshangaa kidogo. Lakini mtu akiniambia hakiumi, mimi ninachosikia ni kwamba hana shida. Nikamwambia akioshe kwa maji ya chumvi. Kisha akasema, kwa adabu, kama anamkumbusha mtu mkubwa, "Ulisema utanicheki." Nikamjibu, "Nitakucheki mama, usijali." Nilidhani anadai simu zaidi. Nilidhani ni upweke.

Mara ya pili aliniomba dawa ya wadudu. Sisimizi wamejaa chooni, akasema, hajawahi kuona sisimizi wa namna ile, wanatoka ukutani wanakwenda moja kwa moja kwenye tundu, na pale anapojisaidia mbali na nyumba akiwa shambani napo wanakuja. Alikuwa anacheka akieleza. Mimi nilikuwa nasajili vichupa huku simu imebanwa begani. Nikasema nitamtumia.

Nilinunua dawa hiyo kwa mzee mmoja mwenye duka la jumla karibu na soko. Babu yake alitoka Pwani zamani, naye bado anazungumza Kiswahili kinachotufanya sisi wengine tujione tumekosea kila tukifungua kinywa. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza dawa ni ya nini.

"Sisimizi. Wamejaa chooni kwa mama."

Mkono wake ukabaki kwenye rafu. "Chooni?"

"Chooni."

"Binti yangu, marehemu baba yangu sisimizi walimjua kabla ya daktari. Mama amepimwa sukari?"

Niliudhika. Nayasema haya kwa aibu. Mimi ndiye mpimaji, nina cheti, nina koti jeupe, na muuza sabuni ananifundisha kazi mbele ya wateja wake! Na chini ya yale maudhi kulikuwa na kitu baridi kilichoanza kupanda, ndicho kilichonifanya niudhike zaidi.

"Nitamcheki, mzee," nikamwambia.

Akanitazama. Yeye ni mtu wa mjini, analijua neno. Akafunga dawa kwenye gazeti, akanipa bila kusema zaidi. Nikaenda stendi nikampa kijana wa bodaboda ampelekee mama. Wiki iliyofuata mama akanipigia kushukuru. Sisimizi wamekufa wote, akasema, ndaga fijo, choo kisafi kabisa.

Kile kitu baridi hakikuondoka. Kilikuwa kinakuja nikiwa nachovya kijiti kwenye mkojo wa mtu mwingine na rangi ikibadilika, kinasimama nyuma yangu, nami nakifukuza kwa kazi. Nilijiahidi kwenda Jumamosi. Jumamosi ilipofika nilifua. Nikajiahidi inayofuata, ikawa na harusi. Mtu anaweza kuogopa bila kujua kwamba anaogopa. Anaona tu kwamba nguo ni nyingi.

Mwezi wa sita, wakati wa mavuno, jirani yake mama akaja maabara. Ni mwanamke wa umri wa kati, wanashirikiana mpaka wa shamba la kakao, ndiye anayemsaidia mama kubeba mizigo. Hakuja kwangu moja kwa moja. Alikaa kwenye benchi, nyuma ya watu wengine, akasogea kila foleni iliposogea. Nilimwona nikampungia mkono nikidhani anaumwa. Zamu yake ilipofika akaingia, akaketi kwenye kiti cha kuchomea, akaweka mkono juu ya meza.

"Mwagonile," akanisalimia.

"Ndaga, mama. Una tatizo gani?"

"Mimi siumwi. Nimepanga foleni ili unisikie. Utaenda lini kumcheki mama yako?"

Nikaanza kucheka ile ya kujibaraguza. "Nitamcheki wikiendi hii, mama. Kazi zimebana."

"Hilo neno alinionyesha. Limo kwenye simu yake. Kila mtu amelisoma Ngonga." Alikuwa anaongea polepole, Kiswahili chake kikivutwa na Kinyakyusa. "Mhudumu wa afya wa kijiji alikuja mara mbili. Alimwambia mama, huu mguu ni wa hospitali, twende leo. Mama akatoa simu. Akamwambia, soma. Mwanangu anafanya kazi hiyo, ameandika mwenyewe kwamba atanicheki. Nikienda kwa wengine nitamwaibisha."

Nikavua glavu.

"Nyumba inanuka," akasema. "Mimi nilimuuguza mume wangu, najua ile harufu. Wewe ni mtu wa kucheki. Njoo."

Tulipanda bodaboda moja, watatu, na begi la vifaa nimelikumbatia. Mavuno yalikuwa yamepamba moto, watu wanapiga mpunga kwenye maturubai pembeni ya barabara, wanatupungia. Upande wa ziwa, kwa mbali, yalikuwa yamesimama yale mawingu ya wadudu wadogo ambayo mgeni hudhani ni moshi wa kijiji kinachoungua. Jirani akasema upepo ukigeuka watatufikia. Nilikuwa nahesabu wiki kwa vidole kwenye kitambaa cha begi. Nilihesabu mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa kumi na moja.

Harufu ilinipokea mlangoni kabla ya mama.

Alikuwa amekaa kwenye kiti sebuleni, amekonda kiasi kwamba shingo ilikuwa imebaki kamba tu. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya kigoda, umefunikwa kanga safi. Mbele ya kigoda kulikuwa na kiti kitupu kinachoutazama mguu. Pembeni ya kiti palikuwa na beseni, kipande kipya cha sabuni kwenye kisosi, na taulo nililompa mimi mwenyewe, ambalo sikuwahi kuona akilitumia. Nikaelewa kwamba hivyo vitu havikuandaliwa asubuhi ile. Sabuni ilikuwa haijaguswa na maji, na ilikuwa imepasuka kwa kukauka.

"Nilimwambia huyu asikusumbue, una watu wengi," mama akasema. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Karibu ukae. Kiti chako hicho. Haya, nicheki sasa."

Nikapiga magoti badala ya kukaa. Nikaifunua kanga. Sitaeleza nilichokiona, nitasema tu kwamba vidole viwili vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umepanda hadi juu ya kifundo, na mama alikuwa ananitazama usoni mimi, si mguu, kama nilivyowaona wagonjwa wakinitazama miaka yote. Nikabonyeza kisigino. "Unasikia?" "Hapana." Nikabonyeza juu zaidi. "Hapa?" "Hapana. Nilikwambia hakiumi."

Nikavaa glavu. Nikamchoma kidole, damu ikatoka nzito, nikaigusisha kwenye ile mashine ndogo ya sukari. Tukasubiri zile sekunde. Badala ya namba ikaandika herufi mbili: HI. Wanaofanya kazi yangu wanajua. Ni Kiingereza cha mkato, maana yake sukari imepanda kupita pale mashine inapoweza kuhesabu, na kwamba aliyekaa mbele yako hapaswi kuwa amekaa.

"Imesema nini?" mama akauliza.

Sikuweza kufasiri. Nikalisoma tu kama linavyosomwa. "Hai."

"Hai?" Akatikisa kichwa taratibu, ameridhika. Akamgeukia jirani aliyesimama mlangoni. "Umesikia? Wewe unasema nanuka kama maiti. Mwanangu amenicheki, mashine imesema niko hai."

Jirani akatoka nje. Nikamsikia analia kule kwenye migomba.

Hospitalini hatukukaa sana kabla ya kuambiwa. Daktari alikuwa kijana, mpole, na aliponitambua kuwa ni mtu wa afya alibadilisha namna ya kuongea, akawa ananiambia mambo kama mwenzake kazini, jambo ambalo lilinitesa zaidi kuliko kama angenifokea. Mguu lazima uondolewe chini ya goti, siku ileile, la sivyo sumu itamfikia moyoni. Nikamwuliza swali la kijinga ambalo kila ndugu huuliza na mimi nimewasikia wakiuliza: hakuna namna nyingine?

"Ilikuwepo," akasema. "Mngemleta kwenye wiki za mwanzo, tungeweza kuuzuia."

Kuuzuia. Nikamwona mwalimu wetu mrefu na kikohozi chake, na sisi tumeinama juu ya kamusi tukibisha kwamba neno moja haliwezi kuwa na maana zote mbili. Mama yangu, ambaye hakufika sekondari na hakuiona ile kamusi, alikuwa ameniandikia neno moja lililobeba maana zake zote pamoja: nitazame, nipime, uzuie hiki kisiendelee. Na mimi katika maana zote za Kiingereza na za Kiswahili nilimjibu kwa ile moja ambayo haina kitu ndani.

Wakati wanamwandaa nilikabidhiwa vitu vyake, kanga, viatu vyote viwili, na kitochi. Nikakifungua nitafute namba ya mjomba. Kwenye meseji kulikuwa na matangazo ya mtandao wa simu na ile yangu. Alikuwa ameyaacha yale matangazo yarundikane juu yake kwa sababu alikuwa hajui kufuta moja moja, na jirani aliwahi kumwambia ukikosea kubonyeza zinafutika zote. Hakutaka ya kwangu ifutike.

Alipona. Watu husema nimshukuru Mungu, nami namshukuru. Anatembea kwa magongo hadi uani, anachambua maharage, anaimba sauti ya pili ibadani akiwa ameketi. Majaruba yamekodishwa kwa jirani. Kila Jumapili nakwenda, na mashine ipo begini, na mama anatoa kidole bila kuambiwa. Maabara, mtu akiniambia dada naomba unicheki, namwambia kaa hapa, sasa hivi. Mwenzangu anasema nimekuwa mkali. Rafiki zangu wakiniaga kwa lile neno, siitikii.

Jambo moja sijalifanya, na sidhani kama nitalifanya. Sijamwambia mama maana ya mjini ya kile nilichomwandikia. Yeye bado anaamini nilichelewa kwa sababu ya watu wengi. Wageni wakija kumwona, wakitazama pale kanga inapoishia, huwawahi kabla hawajatoa pole. "Mwanangu aliniandikia atanicheki," anawaambia, "na kweli akaja, akanicheki. Wangapi wana mtoto wa namna hiyo?" Wageni wananigeukia na kunisifu. Nami hapo huwa nainuka, nasema naenda uani mara moja.

Naenda chooni. Nachuchumaa nautazama ukuta, chini kabisa, pale kwenye ufa, kwa sababu mashine huja nami mara moja tu kwa wiki, na sisimizi wako pale siku zote. Jumapili iliyopita niliwakuta, si wengi, mstari mwembamba unaotoka ukutani kwenda kwenye tundu. Nikarudi ndani, nikanawa mikono, nikapiga magoti mbele ya wageni, nikamwambia mama anipe mguu uliobaki niutazame.